Kutoka boda boda hadi kafe resa: pikipiki kuukuu inavyofufuliwa nyumbani katika miji ya mpakani Busia na Tororo

Pikipiki iliyochoka kubeba abiria kati ya Busia, Malaba na Tororo kwa kawaida huwa na mwisho wa aina mbili: kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, au kufunguliwa vipuri ili nyingine zipate kuishi. Ipo njia ya tatu, nayo ni kuivua mzigo, kuikata umbo jipya na kuijenga upya iwe pikipiki ya mtindo unaoitwa kafe resa. Kazi hiyo huweza kufanyika uani, kwa spana za kawaida na msaada wa fundi wa kuchomelea vyuma. Lakini kosa dogo katika fremu, tangi au breki laweza kugharimu maisha, na kosa katika hati laweza kumpotezea mtu chombo chenyewe.

Kwa ufupi:
- Kafe resa kwa asili yake ni namna ya kuipunguza pikipiki ya kawaida hadi ibaki na yale yanayohitajika tu.
- Nambari ya fremu na nambari ya injini hazipaswi kuguswa, na mabadiliko makubwa yanapaswa kuarifiwa kwa mamlaka ya usajili.
- Kiti cha mtu mmoja kina maana kwamba pikipiki haitabeba abiria tena. Jambo hilo lipimwe kabla ya msumeno kushikwa.

Jina lilitoka wapi

Mtindo huu ulizaliwa Uingereza katika miaka ya 1950 na kushika kasi katika miaka ya 1960. Vijana wenye mishahara midogo walinunua pikipiki za kawaida za Triumph, BSA na Norton, wakazipunguza uzito na kushusha usukani ili mwendeshaji alale mbele na kupunguza upinzani wa upepo. Makutano yao yalikuwa mikahawa ya kando ya barabara. Uliojulikana zaidi ni Ace Cafe wa London, uliofunguliwa mwaka 1938, ukafungwa mwaka 1969 na kufunguliwa tena mwaka 2001. Lengo la wengi lilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani takriban kilomita 160.

Mafundi wa nyumbani wa wakati huo hawakuogopa kuchanganya. Mchanganyiko ulioheshimiwa kuliko yote ulikuwa injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton, na pikipiki hiyo ikaitwa Triton. Kwa hiyo tangu mwanzo kafe resa ilikuwa kazi ya mtu asiye na fedha nyingi, anayechukua kizuri cha hapa na kizuri cha pale na kujenga kitu ambacho hakipo dukani.

Ubunifu si jambo geni mpakani

Katika miaka ileile ya 1960, Busia ilikuwa na ubunifu wake. Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na mwendo ambao msafiri mwenye mizigo hakupenda kuutembea kwa miguu. Vijana wenye baiskeli walifunga mto laini juu ya keria na kuwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Jina la boda boda, lililoenea sasa Afrika Mashariki yote, linatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Katika miaka ya 1970, magendo ya kahawa na bidhaa nyingine yalipopamba moto, baiskeli hizo zilibeba mengi zaidi ya abiria.

Pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli nchini Uganda katika miaka ya 1990. Nchini Kenya zilienea kwa kasi baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini chini ya sentimita za ujazo 250, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipozinduliwa rasmi, msafiri anakaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Hata hivyo, bodaboda hawajakosa kazi.

Ukizitazama historia hizi mbili pamoja, utaona zinaelekea pande tofauti. Kijana wa London aliondoa kila alichoweza ili aende mbio. Kijana wa Busia aliongeza: keria ndefu, mto, vikanyagio vya abiria, vyuma vya kuzuia mzigo. Anayegeuza boda boda kuwa kafe resa anairudisha safari hiyo nyuma, anaondoa kile ambacho biashara iliongeza. Ndiyo maana kazi yake ya kwanza ni kujua kipi kilikuwa mzigo na kipi kilikuwa nguzo.

Kabla ya spana: hati na nambari

Mpakani, pikipiki isiyo na hati ni tatizo linalosubiri siku yake. Pikipiki huibwa upande mmoja na kuuzwa upande wa pili, na bei ya chini sana mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza. Kabla ya kununua pikipiki kuukuu, linganisha nambari iliyogongwa kwenye fremu, kwa kawaida karibu na shingo ya usukani, na nambari ya injini, kisha uzilinganishe zote mbili na hati ya umiliki. Ikiwa nambari imekwanguliwa, imechomelewa juu au haisomeki, achana nayo hata kama muuzaji ni jirani.

Nchini Kenya usajili uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Nchini Uganda kazi hiyo inaongozwa na Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998. Jambo la msingi ni moja pande zote: rangi, injini na umbo vinapobadilika, kumbukumbu za usajili nazo zibadilishwe. Pikipiki yenye nambari za Kenya inayovuka kwenda Tororo, au ya Uganda inayokwenda Bungoma, ni chombo cha kigeni huko iendako, na huhitaji kibali cha forodha cha kuingia kwa muda. Ofisa akikuta hati inasema nyekundu na pikipiki ni nyeusi, maelezo marefu ya sanaa hayatamsaidia mwenyewe.

Pikipiki ipi inafaa

Kwa anayeanza, injini ya silinda moja inayopozwa na hewa ndiyo inayofaa. Haina rejeta wala kompyuta, na vipuri vyake hupatikana katika kila mji wa mpakani. Bajaj Boxer na TVS zinazotoka India zimejaa barabarani. Zipo pia pikipiki nyingi za Kichina ambazo injini zake zinafuata muundo wa Honda CG125, pikipiki iliyoingia sokoni mwaka 1976 ikiwa imekusudiwa kustahimili mzigo na matunzo haba. Wengine hutafuta Yamaha AG100 za zamani, zilizotumiwa sana na maofisa wa kilimo mashambani, ingawa injini yake huchoma oili pamoja na petroli na hutaka uangalizi wake.

Usidanganywe na rangi. Washa injini ikiwa baridi na usikilize. Moshi wa bluu usiokwisha huashiria kwamba oili inaungua, na huenda ringi za pistoni zimekwisha. Shika gurudumu la mbele ulivute pembeni. Likicheza, beringi zimechoka. Tazama fremu ukiwa nyuma ya pikipiki: ikiwa magurudumu hayako kwenye mstari mmoja, pikipiki hiyo imewahi kuanguka vibaya, na hakuna kiti kizuri kitakachoinyosha.

Fremu: mahali pa kukata na mahali pa kuacha

Fungua pikipiki hatua kwa hatua, na kabla ya kuchomoa waya wowote upige picha. Weka skrubu za kila sehemu katika kopo lake. Uvivu wa siku ya kwanza hulipwa kwa wiki nzima siku ya kurudishia.

Umbo la kafe resa hutokana na mstari mmoja ulionyooka, unaoanzia chini ya tangi na kupita chini ya kiti hadi mwisho wa nyuma. Pikipiki za boda boda hazina mstari huo, kwa sababu fremu yao hurefuka nyuma ili kubeba keria na abiria. Sehemu hiyo ya nyuma, iliyopita mahali zinaposhikwa shokapu, ndiyo inayoweza kufupishwa. Mbele ya hapo hapakatwi. Mabomba yanayounganisha shingo ya usukani, injini na mahali pa shokapu ndiyo yanayobeba uzito wote na kuzuia magurudumu yasipindane.

Baada ya kukata, ncha mbili za fremu huunganishwa kwa bomba lililokunjwa kama kiatu cha farasi. Bomba hilo liwe na unene unaolingana na la fremu, na ndani ya kila kiungo kiingizwe kipande kifupi cha chuma kabla ya kuchomelea, ili uzito usibebwe na ukingo wa moto pekee. Ondoa betri kabla ya kuchomelea. Ikiwa huna uzoefu, mpe kazi hii fundi anayetengeneza fremu za pikipiki, si anayetengeneza madirisha tu. Chuma cha dirisha hakitetemeshwi kutwa nzima kwenye barabara ya vumbi.

Usukani na vikanyagio

Usukani wa asili wa kafe resa ni vipande viwili vifupi vinavyofungwa moja kwa moja kwenye foku za mbele. Asiyevipata huweka usukani mfupi uliolala. Wengine hugeuza usukani wa zamani chini juu, na hilo hukubalika ikiwa mambo matatu yamehakikishwa. Kwanza, ukikata kona hadi mwisho wa kila upande, mikono isigonge tangi. Pili, kebo za klachi, breki na petroli zisivutike. Tatu, injini ikiwa inaunguruma taratibu, geuza usukani kushoto na kulia. Ikiwa mlio unapanda, kebo ya petroli inavutwa na kona ya kwanza barabarani itakuwa ya hatari.

Usukani ukishuka, mwili huinama mbele, na miguu lazima irudi nyuma ili mgongo na viganja visichukue uzito wote. Kuhamisha vikanyagio nyuma kuna mtego. Fimbo ya breki ya nyuma lazima ifupishwe, na pembe yake ikibadilika, mguu hukanyaga sana ilhali breki inashika kidogo. Mkono wa gia nao ukigeuzwa, mpangilio wa gia waweza kupinduka: mahali ulipozoea kupanda gia, sasa unashuka. Mwendeshaji ayajue hayo akiwa amesimama uani, si akiwa nyuma ya lori la mafuta kwenye barabara ya Malaba.

Tangi na kiti

Hapa pana onyo ambalo halina budi kusomwa mara mbili. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinachowaka kwa mlipuko ni mvuke uliochanganyika na hewa. Kumwaga petroli hakutoshi, wala kuliacha tangi juani siku moja. Tangi lenye tundu au kutu lisiguswe kwa moto wa kuchomelea nyumbani. Lipelekwe kwa fundi anayejua kuliosha kwa maji moto na sabuni mara kadhaa, na kuondoa mvuke kabla ya kazi. Lililooza ndani, ni nafuu kununua jingine.

Kiti, kwa upande mwingine, ndipo mpakani panapopata sifa. Mafundi wanaoshona viti vya boda boda, kwa ngozi bandia yenye rangi na mishono ya kila namna, tayari wana ujuzi wote unaohitajika. Msingi hukatwa kwa bati nene au mbao za plaiwudi, sponji ngumu hugandishwa juu yake, na nyuma hujengwa kinundu kinachomzuia mwendeshaji asiteleze. Ndani ya kinundu hicho huweza kukaa betri ndogo na baadhi ya waya. Hakikisha gurudumu la nyuma haligusi kiti shokapu zinapobonyea: mkalishe mtu mzito, kisha mwingine asukume chini.

Injini, hewa na moshi

Wengi huondoa boksi la chujio la hewa ili nafasi chini ya kiti ionekane wazi, na kufunga chujio dogo la koni. Hewa inayoingia huongezeka, lakini petroli hubaki ileile. Injini hupata mchanganyiko mwepesi, hupata joto kupita kiasi, na hatimaye pistoni huharibika. Kwa hiyo jeti ya kabureta nayo huenda ikahitaji kubadilishwa. Plagi ni shahidi mzuri: baada ya mwendo wa kutosha, ikiwa na rangi ya kahawia mchanganyiko ni sawa, ikiwa nyeupe, petroli haitoshi, ikiwa na masizi meusi, petroli imezidi.

Katika vumbi la barabara za murram, chujio bovu ni sawa na kumwaga mchanga ndani ya silinda. Anayeishi nje ya lami afikirie kubaki na boksi la kiwandani, hata kama picha haitapendeza. Na bomba la moshi lisitobolewe kwa ajili ya mlio. Kelele hazimpi mtu nguvu za injini, bali humpa ugomvi na majirani na sababu ya kusimamishwa na polisi.

Taa, breki na matairi

Mtindo unaosisitiza kupunguza humshawishi mtu aondoe hata vinavyomlinda. Taa ya mbele, taa ya breki, taa za kuashiria kona, honi, kioo cha pembeni na kibao cha nambari vibaki, hata vikiwa vidogo. Kila mzunguko wa umeme uwe na fyuzi, na waya zifungwe mbali na injini na shingo ya usukani, mahali zinapoweza kukatika. Mata gadi fupi ya nyuma ibaki pia. Msimu wa mvua, matope ya gurudumu huishia mgongoni mwa mwendeshaji na kwenye chujio la hewa.

Breki za ngoma za pikipiki hizi zilitosha kwa mwendo wa boda boda. Zikiwa zimekwisha, hazitoshi kwa mwendo wowote. Badilisha viatu vya breki, paka grisi mahali pa kuzungukia, na ubadilishe kebo zilizoanza kukatika nyuzi. Mnyororo ucheze sentimita 2 hadi 3 katikati, na sproketi zenye meno yaliyochongoka zibadilishwe pamoja na mnyororo, si kimoja kimoja. Matairi mapya ni bora kuliko rangi mpya.

Je, inalipa?

Swali hili ni zito kwa familia nyingi za Busia na Tororo, ambako pikipiki moja hulipa karo, kodi ya nyumba na deni la pikipiki yenyewe. Kafe resa haibebi abiria, magunia wala kreti za soda. Anayeigeuza pikipiki ambayo bado inaleta mkate, au ambayo mkopo wake haujaisha, anauza ng'ombe wa maziwa ili anunue saa ya ukutani. Pikipiki inayokopewa, mara nyingi mkopeshaji ndiye anayeshikilia hati, na kuikata bila idhini yake ni kuharibu mali ambayo bado si ya mwendeshaji peke yake.

Kwa aliyestaafisha pikipiki yake, hesabu ni tofauti. Chuma chakavu huleta fedha kidogo mara moja tu. Pikipiki iliyojengwa vizuri humfundisha kijana kusoma umeme, kabureta na uchomeleaji, na huwa tangazo la fundi aliyeijenga. Gawanya gharama katika mafungu mawili: la lazima, yaani breki, matairi, beringi, mnyororo na waya, na la pambo, yaani rangi, kiti na vioo. Fungu la kwanza likamilike kabla ya shilingi moja kuingia la pili. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana nyua nyingi zina tangi linalong'aa juu ya pikipiki isiyotembea.

Safari ya kwanza

Pikipiki ikikamilika, isipelekwe moja kwa moja kwenye barabara kuu ya Bumala au ya Mbale. Jaribu kwanza uwanjani, mwendo wa chini, ukishika breki moja moja. Rudi nyumbani, kagua kila nati, kisha tazama viungo vilivyochomelewa kama vina ufa mwembamba wa nywele. Rangi iliyopasuka kwa mstari ni dalili yake. Rudia ukaguzi huo baada ya kila safari fupi katika wiki za mwanzo, kwa kuwa mtetemo hulegeza kilichokazwa kwa mikono.

Vaa helmeti, viatu vilivyofunika vifundo na glavu, maana mwili ulioinama mbele hutangulia kichwa na viganja unapoanguka. Na kwa msikilizaji anayeishi ng'ambo anayetamani kuujaribu ujuzi huu kwa pikipiki ya huko, kanuni ya kwanza ni ileile ya Busia: uliza kwanza ofisi ya usajili ya mahali ulipo ni mabadiliko gani yanaruhusiwa na yapi yanahitaji kukaguliwa na mhandisi, kisha ndipo ushike spana.